Mashine Iliyomkataa Baba Mkwe

Ninyi vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu hapa Bulyaga mkienda shule, najua mnavyoniita. Bibi wa Mionzi. Juzi mmoja wenu, binti mwenye maswali mengi kuliko karani wa sensa, alinikuta kibarazani nachambua maharage akaniuliza, "Bibi, hivi kweli ulikuwa unatengeneza bunduki?" Nikacheka mpaka maharage yakamwagika. Bunduki nilikuwa nayo kweli, binti yangu, ila ya elektroni, na ilikuwa ndani ya mashine ya kutibu saratani. Kwa vile mnasoma fizikia na mnalalamika kwamba haina kazi, kaeni niwaambie kazi yangu ilikuwaje. Nitaruka huku na huku, mnivumilie.

Nilikuwa fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja ya rufaa ya huku nyanda za juu. Jina lake naliacha. Mashine yenyewe tuliiita linaki. Kwa maneno ya nyumbani, ni bomba lisilo na hewa ndani. Mwisho mmoja wa bomba kuna ile bunduki inayorusha elektroni, katikati kuna mawimbi yanayozisukuma zizidi kwenda kasi, na mwisho wa pili kuna kipande cha chuma kizito tunachokiita shabaha. Elektroni zikiigonga shabaha, inatoka mionzi inayoelekezwa kwenye uvimbe wa mgonjwa. Mkondo huo wa elektroni unaitwa mwale. Mashine nzima imefungwa kwenye mkono mkubwa unaomzunguka mgonjwa, ili mionzi iingie juu, kushoto, kulia, popote daktari alipopanga.

Sasa shida ya kazi yangu ilikuwa hii: elektroni zinazoondoka si zote zinazofika. Nyingine zinakengeuka njiani, zinagonga ukuta wa bomba na kuishia hapo. Huo ndio upotevu wa mwale. Kila mashine duniani inayokimbiza chembe ina upotevu wake, iwe ndogo ya hospitali au ile kubwa ya watafiti inayozunguka chini ya ardhi. Ukiwa mdogo unaishi nao. Ukizidi, bomba linapata joto, mionzi inavuja pasipotakiwa, na shabaha inapata elektroni chache. Mashine nzuri ikiona hivyo inajikata yenyewe kabla haijamdhuru mtu. Inajikata na kukuachia wewe fundi kazi ya kujua elektroni zimeenda wapi.

Aliyenifundisha ni Mzee Chibago, Mgogo wa Dodoma, mwembamba, mwenye koti moja la bluu alilolivaa hata siku za jua. Siku ya kwanza aliniambia, "Tupokigwe, kutafuta mwale uliopotea ni kama ndoo inayovuja. Mtu katoka kisimani na ndoo imejaa, kafika nyumbani ina nusu. Hujui imevuja wapi? Rudi njiani, tazama ardhi. Palipolowa ndipo palipomwagika."

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kwenu Dodoma. Kwetu Tukuyu njia nzima imelowa tangu asubuhi. Nitajuaje maji ya ndoo na maji ya mvua?"

Alinitazama nikadhani nimemkera. Kumbe nimemfurahisha. Akavua miwani akasema, "Basi wewe utaiweza kazi hii kuliko mimi. Kabla ndoo haijapita, nenda ukatazame njia ilivyolowa. Halafu ndoo ipite. Halafu urudi utazame tena. Tofauti ndiyo habari." Vijana, hilo likamateni. Kipimo kimoja peke yake hakikwambii kitu. Karibu na linaki mionzi ipo kila upande hata ikiwa nzima, kama mvua ya kwetu. Lazima ujue kwanza siku ya kawaida inafananaje.

Alinifundisha pia kuifunga mashine filamu. Siku hizi wenzenu wana vipimo vinavyotuma namba moja kwa moja kwenye kompyuta, na mimi mwenyewe nilivitumia miaka ya mwisho, ni vitamu. Lakini filamu ina uzuri wake. Unaizungushia bomba kama mama anavyomviringishia mtoto kanga, unaiwasha mashine, unaizima, unaisafisha. Palipopigwa na mionzi mingi panakuwa peusi. Mara ya kwanza nilipoifunga, mtu wa usafi aliikuta akadhani ni takataka, akaitupa pipani na kuifuta mashine hadi ikang'aa. Mzee Chibago hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo niandike "USIGUSE" kwa herufi ambazo hata mtu mwenye hasira angezisoma.

Sasa niwaambie kuhusu baba mkwe.

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa Ikuti, wa ndizi na chai, mtu wa maneno machache. Jina lake silitaji mpaka leo. Nyinyi mnaocheza na wakwe zenu kwenye harusi hamtanielewa, lakini sisi tuliokuzwa na wazee wa Kinyakyusa tuliambiwa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Kuna neno lake, ukutila, ni heshima iliyochanganyika na hofu. Akija njiani unapinda. Ukimsikia uani unaingia ndani. Humsemeshi, naye hakusemeshi, na jina lake hulitamki. Kanisa lilishalegeza mambo hayo, na wanawake wa rika langu wengi walikuwa wameacha. Sisi hatukuacha. Yeye alilelewa hivyo, na mimi nilimpenda mume wangu, kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu nilimjua baba mkwe kwa mgongo wake na kikohozi chake.

Halafu akaugua koo. Ilifika mahali uji tu ndio ulipita, nao kwa shida. Madaktari wakasema ni saratani, apigwe mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Mashine ya kumpiga ikawa ni ile yangu.

Tukapanga vizuri. Ikifika zamu yake mimi nilikuwa karakana, mlango umefungwa. Akishatoka na kwenda zake kwa mlango wa bustani, Rehema, mtaalamu wa tiba mionzi aliyekuwa anaiendesha mashine, alinigongea na kusema, "Mama Lusajo, njia nyeupe." Nilikuwa sitazami hata skrini ya kamera inayoonyesha chumba cha matibabu. Niliona kumtazama kwenye skrini ni kumtazama tu.

Siku za mwanzo zilikwenda. Kisha siku moja Rehema akagonga na uso umemkunjamana. "Mama, imejikata. Kwa mzee."

Nikaingia baada ya mzee kutoka. Nikaiwasha, nikauzungusha mkono wote, nikapima. Nzima kabisa. Mgonjwa aliyefuata akatibiwa bila tatizo, na wa baada yake. Kesho yake zamu ya mzee ikafika, mkono ukaenda kushoto, ikajikata. Keshokutwa, vilevile. Wagonjwa wengine wote inawakubali, yeye inamkataa. Na kila mara ujumbe ulikuwa uleule: elektroni zinazofika kwenye shabaha hazitoshi.

Nadhani mnajua kitakachofuata watu wakikaa kwenye benchi la hospitali. Wifi yangu Atupele, dada wa mume wangu, ndiye aliyemleta baba yake, au tata kama tunavyoita sisi, na kumwuguza. Mwanamke mkali, mcha Mungu, na analia haraka. Alinikuta kwenye korido akasema bila hata salamu, "Mashine inamkataa tata kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu vipi, wifi?"

"Unaishika kutwa nzima. Unaifungua, unaifunga, mikono yako imo humo. Halafu unamlaza baba mkwe wako chini yake. Ulitegemea nini? Mkwe na mkwe hawalali kivuli kimoja."

Niliumia. Nataka mjue hilo, nisijifanye jasiri. Niliumia kwa sababu sehemu moja ya moyo wangu, ile iliyolelewa na bibi yangu, ilikuwa imeshaniambia hivyohivyo kabla yake. Atupele akaendelea, "Ijumaa ikimkataa tena, namrudisha Ikuti. Afe nyumbani kwake na heshima yake."

Daktari alinieleza wazi: matibabu hayo hayataki kukatizwa, kila siku inayorukwa inaupa uvimbe nafasi. Kumrudisha Ikuti ilikuwa ni kumrudisha afe. Nikajiambia mashine haimjui mkwe. Hata kama inamjua, elektroni haimjui. Kuna kitu kinazipindua, na mimi nitakipata kabla ya Ijumaa.

Nikampigia simu Mzee Chibago, alikuwa ameshastaafu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umetazama njia ilivyolowa siku ya kawaida?"

"Nimetazama. Ninayo filamu ya jana, mashine ikiwa tupu."

"Na ndoo ikipita?"

Hapo ndipo nilipojishika kichwa. Vipimo vyangu vyote nilivifanya baba mkwe akiwa ameshaondoka. Nilikuwa napima njia ambayo ndoo haijapita.

Basi asubuhi iliyofuata, kabla hajaingia, niliifunga filamu kwenye bomba ndani ya kifuniko cha mashine, nikaandika ile USIGUSE yangu, nikajifungia karakana. Mkono ukaenda kushoto, ikajikata kama kawaida. Rehema akagonga, njia nyeupe, nikaitoa filamu nikaisafisha. Nikaiweka kando ya ile ya siku ya kawaida. Ile ya kawaida ilikuwa na wingu jepesi pande zote. Hii ya pili ilikuwa na weusi upande mmoja tu, karibu na mwisho wa bunduki, pale ambapo elektroni bado ni changa na hazijapata kasi ya kutosha. Upande mmoja, vijana! Kitu kilichoharibika ndani ya mashine kingeziharibu elektroni muda wote. Hizi zilikuwa zinavutwa kutoka nje, na zilivutwa mzee akiwepo tu, mkono ukiwa kushoto tu.

Kinachovuta elektroni kwa mtindo huo ni sumaku. Nikamwuliza Rehema, "Mzee anaingia na nini mwilini? Chuma? Mkanda?"

"Hana kitu, Mama. Shuka la hospitali tu."

"Na chumbani kuna kitu kipya?"

"Hamna. Kila kitu kipo kama siku zote."

Rehema hakusema uongo. Alikuwa amekizoea kitu hicho kiasi kwamba hakukiona tena. Ndipo nilipojua kwamba lazima nitazame kwa macho yangu, chumba kikiwa na baba mkwe ndani yake, na kwamba hakuna mtu wa kunitazamia.

Msiulize kama niliogopa. Sikutaka kumwibia heshima yake. Nikamwambia mume wangu, Ambakisye, aende kwa baba yake akaniombee ruhusa nimtazame kwenye skrini. Ambakisye alikwenda wodini shingo upande, akarudi anajizuia kucheka.

"Amesemaje, Baba Lusajo?"

"Amesema, kama anaweza kunitazama mimi nisimwone, basi atazame. Ila asicheke hilo shuka."

Alhamisi nikakaa kwenye kiti kando ya Rehema, macho kwenye skrini. Nilimwona baba mkwe akiingia. Alikuwa mdogo kuliko mgongo nilioujua. Akalazwa. Nyuma yake akaingia mume wangu mwenyewe, kakumbatia kwa mikono miwili spika ya kwaya, ile kubwa ya besi inayotumia betri, akaiweka kwenye kitoroli. Akakisogeza kitoroli kushoto mwa kichwa cha baba yake, karibu kabisa na pale mkono wa mashine unapokuja kutua. Akaiwasha, akatoka.

"Ile ni nini?" nikamwuliza Rehema.

"Ile? Si nyimbo za mzee, Mama. Hasikii vizuri, na humo ndani anaogopa kukaa peke yake. Zamani tulikuwa tunaiweka kule mlangoni. Akasema haisikii, ndio baba Lusajo akawa anamsogezea."

Najua mtasema, bibi, mumeo anabeba spika kila siku na wewe hujui? Nilijua mzee anapigiwa nyimbo. Nilidhani ni simu. Spika ilikuwa inaingia pamoja naye na kutoka pamoja naye kwa mlango wa bustani, na mimi nilikuwa karakana nimejifungia kwa heshima mpaka niambiwe njia nyeupe. Nyuma ya spika kama hiyo kuna sumaku nzito, ukiikaribia na msumari utakuponyoka mkononi. Heshima yetu ndiyo iliyokuwa inaificha.

Nilimwambia Rehema asiwashe. Mzee alipotoka niliibakiza spika palepale, nikaufunga mlango chumba kikiwa hakina mtu, nikapeleka mkono kushoto. Elektroni zikashuka, ikajikata. Nikaitoa spika nje, nikarudia. Zikapanda zikatulia. Nikaiingiza tena, ikajikata tena. Nilirudia mpaka Rehema akasema, "Mama, si tumeshajua?" Nikamwambia tumejua, sasa nataka niwe na uhakika.

Ambakisye alipoelezwa aliketi chini kwenye korido. Hakuna aliyemlaumu. Mtu aliyembebea baba yake spika nzito kila siku, utamlaumu kwa lipi? Jioni hiyo akaipakia akarudi nayo Ikuti, kwaya ilikuwa inaihitaji, na chai ilikuwa inangoja kuchumwa.

Ijumaa nikaja mapema kuliko wote. Nilidhani kazi imekwisha. Baba mkwe akaingia, akalala, mlango ule mzito ukaanza kujifunga, naye akainuka akakaa. Sauti yake ikatufikia kwenye kipaza sauti, imekwaruzwa na ugonjwa.

"Nyimbo ziko wapi?"

Rehema akajaribu kumwelewesha. Akaweka simu yake mbele ya maikrofoni ipige wimbo, mzee akasema anasikia nyuki. Akasema, "Nikifungiwa humu kimya najiona nimeshazikwa. Nitoeni." Akaanza kushusha miguu.

Atupele alikuwa amesimama nyuma yetu. Rehema akampa maikrofoni, akamwambia aongee na baba yake kwa Kinyakyusa, labda atatulia. Atupele akaishika, akasema "Tata," na machozi yakamtoka hapohapo, akawa analia kwenye maikrofoni.

"Nani analia?" mzee akauliza. "Nimekufa?"

Atupele akageuka akanitazama. Alikuwa mwanamke yuleyule aliyeniambia mikono yangu ndiyo inayomkatalia baba yake. Alinishika kiganja, akanikabidhi maikrofoni, akakifunga kiganja changu juu yake kwa mikono yake miwili.

Nikaisogeza mdomoni, nikamsalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, tata. Ni mimi, mama Lusajo."

Kwenye skrini akaganda, mguu mmoja ukining'inia. Nikaona ameelewa ni nani. Nikangoja afunike uso, au ashuke na kuondoka, na kama angeondoka nisingekuwa na la kufanya.

"Ongeza sauti," akasema.

Nikaongeza. Nikamwambia arudi alale, na kila mashine itakapofanya jambo nitamwambia. Akarudisha mguu. Rehema akafunga mlango. Nikawa nasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde: sasa inaanza juu, tata, usitikisike. Sasa imezima. Sasa mkono unazunguka, huo mngurumo ni wake, hauna neno. Sasa unakuja kushoto. Hapo nilitamani kufumba macho, lakini niliyakaza kwenye namba. Zikapanda, zikatulia. Nikaendelea kusema, kuhusu mvua, kuhusu ndizi zake, kuhusu mjukuu wake Lusajo aliyeshinda mbio shuleni, mambo ambayo kwa miaka yote ya ndoa yangu yalimfikia kupitia watu wengine. Mashine ikamaliza yenyewe ilipotakiwa kumaliza.

Mlango ukaanza kufunguka. Atupele alikuwa ameshika bega langu kwa nguvu hadi likauma.

"Imekubali?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Imekubali, tata."

Akavuta shuka lake.

"Basi Jumatatu unisemeshe wewe tena, mwanangu."